Sherehe ya Mchezo Uliotimiza Miaka Hamsini

Mwishoni mwa mwaka 2023 mpwa wangu, asomaye katika mji wa Minneapolis nchini Marekani, alinipigia simu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za baridi?"

Akacheka, kisha akalieleza alilolitaka. Yeye na wenzake hukutana kila wiki kuucheza mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao ulitoka Januari 1974. Wenzake walitaka kuuadhimisha mwaka wa hamsini, na kazi ya kuipanga shughuli walimtwika yeye, kwa hoja kwamba watu wa kwao wanajua kukirimu wageni. Hakujua aanzie wapi. Na lilikuwapo jambo jingine. Mama yake alikwisha kulisikia jina la mchezo, akauliza maana yake, akaambiwa ni mahandaki na majoka. Tangu siku hiyo simu za mama zilikuwa fupi.

Mama yake ni dada yangu. Kesho yake asubuhi alikuwa barazani kwangu, buibui hajalivua, kahawa hakuigusa. "Kaka, mkataze," alisema. "Wewe atakusikia."

Sikumkataza, wala sikumpa ruhusa. Nilimwomba dada yangu anipe wiki mbili nijisomee, kwani kumkataza mtu jambo usilolijua ni kumfundisha akufiche. Niliyoyasoma ndiyo ninayowaletea, wazazi wenzangu, kwa sababu najua watoto wa wengi wetu wako ughaibuni, na michezo yao hatuijui.

Mchezo huu ni masimulizi. Watu huketi kuizunguka meza. Mmoja wao huwa msimulizi: yeye ndiye mwenye kuijua nchi ya hadithi, milima yake, walinzi wake na hazina zake. Waliobaki kila mmoja hujitungia mhusika, huyu shujaa wa upanga, yule tabibu, na huyo mwivi aliyetubu. Msimulizi huwaambia wamefika mbele ya mlango, nao husema watafanya nini. Jambo likiwa na shaka, hutupwa dadu, na dadu zao si za pande sita tu. Ziko za pande nne, nane, kumi na mbili na hata ishirini. Hapana mshindi mwishoni. Hadithi ikikatika usiku, huendelea wiki ijayo, na ziko meza ambazo hadithi moja imekwenda kwa miaka mingi.

Asili yake ndiyo iliyonivuta zaidi. Gary Gygax alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya bima, baba wa watoto watano, mkazi wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin. Mwaka 1970 alipoteza kazi, akawa anashona viatu vya watu ili nyumba ipate kula. Naye Dave Arneson alikuwa kijana wa huko huko Minneapolis na St. Paul alikosoma mpwa wangu. Tangu 1971 alikuwa akiwaongoza rafiki zake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor. Mwishoni mwa 1972 Arneson alisafiri hadi Lake Geneva akamwonyesha Gygax namna wanavyocheza. Gygax akaandika kanuni, na wa kwanza kuzijaribu walikuwa watoto wake mwenyewe, Ernie na Elise. Hata jina la mchezo, yasemwa kwamba aliandika orodha ya majina, akamsomea binti yake mdogo, naye akalichagua analolipenda. Basi mchezo ulioitia dunia hofu ulizaliwa sebuleni, baba na wanawe.

Wachapishaji waliukataa. Gygax na rafiki yake Don Kaye walichanga dola 1,000 kila mmoja, mwenzao wa tatu akaongeza 2,000, wakachapisha wenyewe nakala 1,000 za vijitabu vitatu ndani ya sanduku, zikaunganishwa kwa mikono, zikauzwa dola 10. Don Kaye alifariki Januari 1975, mchezo una mwaka mmoja tu, wala hakuyaona yaliyofuata.

Hofu ya dada yangu nayo ina historia. Katika miaka ya 1980 wazazi wengi wa Kimarekani walisema maneno yale yale aliyoyasema yeye barazani kwangu: kwamba mchezo unafundisha uchawi, unawapoteza vijana, unawafanya wajiue. Mama mmoja aliyefiwa na mwanawe mwaka 1982 aliunda chama cha kuupinga. Watafiti waliochunguza hawakupata ushahidi kwamba mchezo ndio sababu ya vifo vile. Hata hivyo wachapishaji waliona ulazima wa kujirekebisha, na toleo la 1989 liliyaondoa majina ya mashetani. Simlaumu yule mama. Aliyezika mtoto hutafuta mlango wa kuugonga, na mlango huu ulikuwa wazi.

Nilipomweleza dada yangu haya, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mzazi aliulize mapema: "Wanakula nini huko?"

Hapo ndipo tulipoanza kuipanga sherehe, mimi, yeye na mwanawe, kwa simu, siku kadhaa mfululizo.

Shauri letu la kwanza lilikuwa kutoitafutia ukumbi. Mwaka 1968 Gygax aliandaa mkutano wake wa kwanza wa wachezaji katika jumba la wakulima wa bustani pale Lake Geneva, akalikodi kwa dola 50, na mkutano ule, Gen Con, hadi leo huwakusanya watu kwa maelfu katika mji wa Indianapolis. Sherehe ya mchezo wa sebuleni ifanywe sebuleni. Kila mgeni aje na chakula cha kwao. Dada yangu aliamuru mbaazi za nazi na mahamri, akatoa maelekezo ya hamira kwa simu kama kadhi anayesoma hukumu.

La pili lilikuwa kuucheza kama ulivyochezwa mwanzo: penseli, karatasi yenye miraba, ramani iliyochorwa kwa mkono, na simu zote ndani ya kapu mlangoni isipokuwa moja, ambayo habari yake inakuja. Kabla ya kucheza, mmoja asimulie kwa dakika kumi habari za waasisi, na awataje wote. Jambo hili nililishikilia sana. Arneson alitoka katika kampuni ile 1976, na mwaka 1979 alifika mahakamani kudai haki yake ya jina na ya malipo, walisuluhishwa 1981. Kwa miaka mingi watu walimtaja mmoja wakamwacha mwenziwe. Gygax alifariki Machi 2008, Arneson Aprili 2009, na sherehe inayofanywa katika mji wa Arneson pasipo jina lake ni sherehe pungufu.

Mpwa wangu akaongeza lake, nami nikaliona bora kuliko yetu. Baada ya maziko ya Gygax, jamaa na marafiki walikusanyika kwenye ukumbi mmoja pale Lake Geneva, wakakaa wakacheza michezo aliyoipenda. Mkusanyiko ule ukageuka mkutano wa kila mwaka, nao huitwa Gary Con. Yeye alipendekeza waalikwe waliowahi kuketi kwenye meza yao wakaondoka: aliyehama, aliyeoa akakosa nafasi, na wawili waliogombana. Karatasi zao za wahusika alikuwa amezihifadhi. Aliwapelekea, kila mmoja ya kwake, pamoja na saa ya kufika. Waliogombana walikuja wote wawili.

Kwa wenye wake na waume, lipo la Tracy na Laura Hickman, mume na mke walioitunga hadithi yao wenyewe mwishoni mwa miaka ya 1970, wakawa wanaicheza na wageni kila mwaka mwezi wa Oktoba, hata ikachapishwa 1983 kwa jina la Ravenloft. Hadithi ya nyumbani, itolewayo mara moja kwa mwaka kama vyombo vya wageni kabatini, ni jambo zuri hata kwa wasiocheza mchezo huu.

Ya madukani yalikuwapo pia. Mwaka huo wa 2024 mashirika ya posta ya Marekani na Uingereza yalitoa stempu za mchezo huu, na Lego wakatoa ngome yenye vipande 3,745. Bei yake nimeiona, nikafunga ukurasa.

Lililobaki lilikuwa la dadu. Wasomaji wangu wanajua kwamba wanazuoni wengi wameukemea mchezo wa dadu hata pasipo fedha mezani, na mpwa wangu mwenyewe lilikuwa likimkera moyoni, ila aliona haya kuwaambia wenzake. Katika kusoma kwangu nilikuta kwamba mwaka 1979 dadu ziliadimika, na wachapishaji wakatia sandukuni vipande vya karatasi ngumu vyenye namba, vikatwe, vitiwe kikombeni, mtu atumbukize mkono achopoe. Nilimwandikia hayo. Akawaambia wenzake kuwa usiku wa sherehe wacheze kwa vikaratasi, kama walivyocheza wa 1979. Walifurahi kuliko alivyotarajia, kwani kwao ilikuwa ni historia. Kwake ilikuwa ni faraja, na sababu yake aliwaambia baadaye, taratibu, mmoja mmoja.

Walikutana Jumapili ya mwisho ya Januari, saa nane mchana kwao, saa tano za usiku kwetu Mombasa. Ile simu moja iliyoachwa nje ya kapu iliwekwa katikati ya meza, na upande wa pili alikuwa dada yangu, ameketi kitandani na mtandio wake, nami kando yake. Wasafiri wa hadithi walifika kwenye lango la mji. Msimulizi, ambaye alikuwa mpwa wangu, akasema langoni ameketi bibi kizee, wala hafungui mpaka ajibiwe.

"Kitendawili!" alisema dada yangu.

"Tega!" walijibu kwa pamoja, sauti za Minnesota, walikuwa wamefundishwa.

Akawategea cha yai. Mwanawe akawafasiria. Walishauriana kwa muda mrefu, wakasema jiwe, wakasema mwezi, wakachopoa kikaratasi wakapata namba ndogo. Wakashindwa.

"Basi nipeni mji," alisema.

Wakampa Minneapolis. Aliikataa, alitaka mji usio na theluji.