Fahamu: Antibiotiki zipi ni salama kwa mjamzito?

Mjamzito anasikia maumivu anapokojoa. Anakwenda duka la dawa, anaomba vidonge vya antibiotiki "vya rangi mbili", anapewa vinne na kuondoka. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Si kila antibiotiki ni mbaya kwa mimba. Amoksilini, sefaleksini na erithromaisini zimetumika kwa miaka mingi, na kwa kawaida ni salama. Lakini tetrasaiklini na doksisaiklini huepukwa: tetrasaiklini hujishika kwenye mifupa na meno ya mtoto yanayojengeka, na meno yakaota na madoa ya manjano au kahawia. Streptomaisini inaweza kumharibia mtoto usikivu. Siprofloksasini nayo kwa kawaida haipewi nafasi ya kwanza.

Kukataa dawa pia ni hatari. Maambukizi ya njia ya mkojo yasipotibiwa yanaweza kupanda hadi kwenye figo na kusababisha uchungu kabla ya wakati.

Mama, pima mkojo kwanza. Mwambie mhudumu una mimba ya miezi mingapi, na kama penisilini huwa inakudhuru. Kisha maliza dozi yote uliyoandikiwa, hata ukipata nafuu mapema.