Afya Yetu: Msambu, Mti wa Mafuta



Uji wa unga na maji peke yake humshibisha mtoto, lakini uzito hauongezeki. Tumbo lake ni dogo, na uji huo hauna nguvu ya kutosha. Gramu moja ya mafuta ina nguvu zaidi ya mara mbili ya gramu moja ya unga. Mafuta ya dukani yakiwa ghali, tukumbuke mti ambao wazee wa Uluguru waliufahamu: msambu, ambao wengine huuita mkanyi.

Jinsi ya kuutambua

Ni mti mrefu wa msitu wenye mvua. Matawi yake huinama. Majani ni magumu, yanang'aa, nayo hukaa mawili mawili yakielekeana. Ukikwaruza gome, hutoka utomvu wa manjano. Lakini ipo miti mingine yenye utomvu kama huo. Basi tazama tunda. Tunda la msambu ni kubwa, la rangi ya kahawia, huning'inia, na ndani lina mbegu nyingi katika utelezi. Kuna miti dume na miti jike, dume hauzai. Usiukate kwa kudhani ni tasa, maana bila dume majike hayazai.

Kuokota na kukamua

Tusipande kuchuma. Tunda likikomaa huanguka lenyewe. Tuachie mbegu kadhaa, kwani panya-buku huzifukia na nyingine huota. Tangu mwaka 2008 sehemu kubwa ya msitu wa Uluguru ni Hifadhi ya Mazingira Asilia. Humo tusiokote bila kibali.

Anika mbegu juani, tupa zenye ukungu, twanga, kisha chemsha kwa maji. Mafuta yataelea, yaengue, uyachemshe tena mpaka maji yaishe. Yakipoa huganda kama samli.

Matumizi

Mtoto aliyetimiza miezi sita atiliwe kijiko kidogo katika uji, huku akiendelea kunyonya. Mafuta si badala ya mboga za majani, maharage wala matunda. Sisi watu wazima tuyatumie kwa kiasi. Mtoto asiyeongezeka uzito apelekwe zahanati mapema.

Mungu ametuwekea chakula mlimani. Tukitunze, na wajukuu wetu wakikute.