Udongo wa Buluu wa Comstock

Mwaka 1859 wachimbaji wa dhahabu chini ya Mlima Davidson, Nevada, Marekani, walikuwa wakiulaani udongo mzito wa buluu uliokwamisha machekecheo yao. Wakautupa. Ulipopimwa, ukakutwa umejaa madini ya fedha.

Utajiri huo uliletwa na maji ya moto. Mamilioni ya miaka iliyopita yalipanda katika ufa mkubwa wa miamba ya volkano, yakaacha humo dhahabu na fedha. Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba joto hilo lilikwisha. Kadiri mashimo yalivyozama ndivyo maji yalivyochemka; mengine yalipita nyuzi 70 za Sentigredi, na aliyetumbukia aliungua. Watu walichimba kwa dakika chache tu, kisha wakakimbilia barafu.

Mwamba nao ulikuwa laini, ukiporomoka ovyo. Mwaka 1860 mhandisi Philip Deidesheimer alibuni fremu za magogo zilizopangwa mithili ya sega la nyuki. Paa likashikika, ila magogo ni kuni! Aprili 1869 moto katika mgodi wa Yellow Jacket uliua watu wasiopungua 35.

Kwa hatari hizo, tangu 1867 chama cha wachimbaji kilisimamia ujira wa dola 4 kwa siku kwa kila ashukaye shimoni, awe fundi au kibarua. Haki yao hasa!

Handaki la Adolph Sutro la kutoa maji lilifika mgodini mwaka 1878, utajiri ukiwa umepungua. Sutro akauza hisa zake, akaenda kununua ardhi San Francisco.