JAMAA WAKO NI NANI MBELE YA AFISA WA VIZA?

Ndugu msomaji, fikiria nyumba moja ya Temeke ambamo barua njema imefika. Mama wa nyumba hiyo ni muuguzi, naye amepata kazi katika hospitali moja ya Uingereza. Jioni hiyo pilau limebandikwa, majirani wamekuja kutoa pongezi, na kila aliyemo nyumbani amekwisha kujihesabu miongoni mwa wasafiri: mume, mabinti wawili wanaosoma shule ya msingi, mama mkwe mwenye umri mkubwa, na kijana wa marehemu dada, ambaye amelelewa humo tangu utotoni na hajui mama mwingine.

Watu hao sita hula sinia moja. Lakini kwa kanuni za uhamiaji za Uingereza, wanaoweza kufuatana na mama huyo kama wategemezi wake ni watatu tu, yaani mume na mabinti. Mama mkwe hana nafasi. Yule kijana naye, kama hakuna hati ya mahakama inayomfanya kuwa mtoto wa nyumba hiyo, hana nafasi.

Habari hii aghalabu huwafikia watu wakati kiwanja kimekwisha kuuzwa na mtoto amekwisha kuwaaga wenzake shuleni. Ndiyo sababu leo tunapenda kuizungumza mapema.

UNDUGU NA CHETI

Sisi husema undugu ni kufaana, si kufanana. Mwalimu Julius Nyerere, alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, aliijenga hoja yake juu ya jamaa hiyo pana, ambamo mtoto wa ndugu ni mtoto na mzee wa mwenzako ni mzee wako. Kanuni za viza hazikuandikwa juu ya msingi huo. Kwa afisa wa viza, mtegemezi ni mume au mke, au mwenzi aliye na mwombaji katika uhusiano kama wa ndoa kwa muda usiopungua miaka miwili. Na mtoto ambaye hajatimiza miaka 18 siku ya kuomba, hajaoa wala kuolewa, na hajaanza maisha yake ya kujitegemea.

Yafaa mambo matatu yaangaliwe hapa. Kwanza, Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, bali Uingereza humpokea mke mmoja tu. Pili, mzazi mmoja akiondoka na mtoto na kumwacha mzazi mwenziwe nyumbani, kwa kawaida hutakiwa kuthibitisha kwamba malezi ya mtoto huyo yako mikononi mwake peke yake. Tatu, mtoto uliyemlea kwa mapenzi bila hati ya kuasili iliyotolewa na mahakama hahesabiwi kuwa mwanao. Na hata hati hiyo ikipatikana, Uingereza ina utaratibu wake wa kuutambua au kutoutambua uasili uliofanyika nchi nyingine.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaweza kuongeza kwamba jamaa nayo yataka daftari. Vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa vitafutwe RITA mapema, na majina yaliyomo yalingane na yale ya pasipoti herufi kwa herufi.

MILANGO ILIYOFUNGWA

Wako pia wasafiri ambao hawaruhusiwi kuandamana hata na mume, mke au watoto. Kwa masomo yaliyoanza tangu Januari 1, 2024, mwanafunzi wa kigeni hawezi kuchukua wategemezi ila kama anasoma shahada ya uzamili au uzamivu ya utafiti, au amedhaminiwa na serikali. Tangu Machi 11, 2024, wale walioomba viza kwa kazi ya kutunza wazee na wagonjwa walizuiwa kuchukua jamaa zao. Na tangu Julai 22, 2025, kuajiri watunzaji wapya kutoka nje kulikomeshwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, akikujia wakala leo akikuahidi kazi ya kutunza wazee huko Uingereza pamoja na viza ya mkeo na wanao, funga mkoba wako.

HESABU YA FEDHA

Hata pale mlango ulipo wazi, fedha zinazotakiwa si kidogo. Tangu Februari 6, 2024 ada ya huduma za afya ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mtoto, nayo hulipwa yote kwa mkupuo wakati wa kuomba. Mhandisi anayekwenda kwa miaka mitatu na mke na watoto wawili atalipa pauni 10,866 kwa ada hiyo peke yake, kabla ya ada za viza na nauli za ndege. Wauguzi na madaktari wenye viza ya afya, pamoja na jamaa zao, wamesamehewa ada hii.

Aidha, mwajiri asipowadhamini, sharti akiba ionekane benki kwa siku 28 mfululizo: pauni 285 kwa ajili ya mwenzi, 315 kwa mtoto wa kwanza, na 200 kwa kila mtoto anayefuata, mbali na zile za mfanyakazi mwenyewe.

WAZEE WETU

Wengi hujipa moyo wakisema, "Nikishatulia nitamwita mama." Ni maneno ya upendo, lakini tangu Julai 2012 njia hiyo imekuwa nyembamba mno. Anayemwita mzazi hana budi kuwa raia wa Uingereza, au mwenye ukaazi wa kudumu, au mkimbizi aliyekubaliwa huko. Mzazi naye awe hajiwezi kwa uzee, maradhi au ulemavu, asiweze kuoga wala kuvaa bila msaada, na ithibitishwe kwamba utunzaji anaouhitaji haupatikani nchini mwake hata kwa kulipia. Angalia jambo hili linavyouma: mtoto mwema anayetuma fedha kila mwezi ili mama apate mtu wa kumtunza, kwa fedha zile zile anadhoofisha ombi lake.

KUGHUSHI SI DAWA

Hapa ndipo huja mshawishi na ushauri wake: "Mwandikishe kijana yule kuwa umemzaa. Cheti kitapatikana." Ndugu msomaji, usithubutu. Udanganyifu ukigunduliwa, ombi hukataliwa, na mwombaji aweza kufungiwa asiingie Uingereza kwa miaka 10. Jamaa waliokuwa na haki ya kusafiri waweza kuikosa kwa sababu ya cheti kimoja cha uongo, na mtoto mwenyewe atakua akijua kuwa jina lake lilitumiwa kwa hila.

WANAOBAKI

Basi, kabla ya kutia sahihi mkataba, waketisheni wote sinia moja, mwaambieni ukweli nani aenda na nani abaki. Anayebaki apewe mlezi anayejulikana, si kuachwa "kwa jamaa" bila jina. Afisa ustawi wa jamii aonwe kuhusu malezi ya mtoto. Ada ya shule na dawa za bibi zipangwe kwa tarakimu na kwa tarehe. Nyumba isiuzwe ikiwa kuna watakaoendelea kulala humo. Nazo kanuni zenyewe hubadilika mara kwa mara. Kwa hiyo zisomwe upya katika tovuti ya Serikali ya Uingereza siku ya kuomba, wala zisichukuliwe mdomoni mwa wakala.

Na kama baada ya hesabu hizo zote mama yule wa Temeke ataamua kwenda, aende kwa amani. Kama ataamua kubaki kwa ajili ya kijana asiye na cheti, asichekwe na mtu. Kijana yule hatamuuliza mama yake mshahara wa Uingereza ulikuwa pauni ngapi. Atakumbuka kwamba siku ile ya pilau, naye alihesabiwa.