Kisangani: Jina Lililodumu Midomoni mwa Watu

Wengi wenu hulitaja jina la Kisangani bila kujiuliza maana yake. Yafaa tulieleze, maana jina la mahali ni akiba ya habari za waliotutangulia.

Mji huu umejengwa kando ya mto Kongo, kwenye mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, katika nchi ya Waenya, wavuvi mashuhuri, ambao kwa Kiswahili huitwa Wagenia. Mtoni hapo pana visiwa. Katika Kilingala kisiwa ni esanga, na Kisangani hufasiriwa kuwa ni “kisiwani”. Ile -ni ya mwisho ndiyo tuisikiayo katika nyumbani na mtoni. Wasemao Kilingala huuita mji Singitini, nao hulifasiri vivyo hivyo. Basi msomaji wa pwani asidhani kuwa ni mahali pa visanga, yaani mikasa!

Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1877, na mwezi wa Desemba 1883 akaweka kituo katika kisiwa kimojawapo. Mwaka 1887 Tippu Tip wa Unguja, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alifanywa liwali wa mahali hapa. Watu wake walisema Kiswahili, nacho kikatia mizizi. Baadaye Wabelgiji waliuita mji Stanleyville kwa Kifaransa na Stanleystad kwa Kiflamandi. Ville na stad yote mawili ni “mji”.

Jina hilo likaandikwa katika ramani na barua za serikali. Wenyeji nao walilitaja waliposema Kifaransa. Lakini waliporudia Kiswahili, walisema Kisangani. Kwa hiyo serikali ilipobadili jina mwaka 1966, haikubuni neno jipya, bali ilikubali lililokuwa likisemwa siku zote. Mwaka huo huo Jimbo Kuu, lililowekwa mwaka 1959 kwa jina la Stanleyville, likaitwa la Kisangani.

Katika kulitamka, Mfaransa hukaza silabi ya mwisho. Sisi hukaza ya pili kutoka mwisho: Kisa-NGA-ni. Kila ulimi una desturi yake, wala hilo si kosa.

Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee maana ya majina ya vijiji na vijito vyenu, mkayaandike. Kisangani liliokoka kwa sababu watu hawakuacha kulisema. Jina lisilosemwa wala kuandikwa huzikwa pamoja na mzee alijuaye.