Fahamu: Kwa nini walezi wa watoto bwenini huchoka moyo
Aprili 2023, Shule ya Wasichana ya Sacred Heart Mukumu, Kakamega nchini Kenya, ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua. Baadhi yao walifariki, na mwalimu mmoja pia. Mjadala ukawa wa maji na chakula, na ilistahili. Matroni, yule anayegongewa mlango saa nane za usiku na msichana aliyeshika tumbo, hakutajwa sana.

Uchovu wa kazi hii hauishi kwa usingizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kuhisi hufanyi lolote la maana. Ya pili ndiyo ya kuogopwa. Mtoto analia, mlezi anamjibu kwa mkato. Watu husema amekuwa mkali, kumbe amekauka.

Kwenye makao ya watoto kuna jingine: mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwenye familia. Ni jambo jema, ila mlezi naye anawaza kibarua chake.

Ukiajiri mlezi, kumbuka Sheria ya Ajira ya 2007 inampa angalau siku moja ya mapumziko kila wiki, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, kwa malipo kamili.