Tusimsaidie shetani dhidi ya watoto wetu

  Leo napenda tuzungumzie jambo ambalo katika nyumba zetu nyingi husemwa kwa kunong'ona: kijana wa sekondari anapogundulika kuwa anavuta bangi au anakunywa gongo.

Miezi kadhaa iliyopita nilikuwa safarini kwenda Ukerewe kufungisha ndoa. Msafiri atokaye Bunda hufika Kisorya, ukingoni mwa Ziwa Victoria, na hapo husubiri kivuko cha kumvusha hadi Rugezi. Nikiwa nimeketi kivulini, alinijia mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga. Akanisalimu, akatazama huku na huku, kisha akasema: "Shehe, naomba dua yako. Mwanangu ameharibika."

Mwanawe ana miaka 15 na alikuwa kidato cha pili. Alikutwa na misokoto miwili ya bangi ndani ya begi la shule. Akachapwa mbele ya wenzake, kisha akaamriwa akae nyumbani na arudi baada ya wiki mbili akiwa na mzazi. Mama aliona haya kwenda. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa miwili. Kijana akaingia mwaloni, akawa anakwenda ziwani usiku kuvua dagaa, anapata fedha yake mkononi, na anavuta kuliko alivyovuta akiwa mwanafunzi.

Nikamuuliza: "Mama, kuna mtu yeyote aliyemuuliza kwa nini alianza?"

Alinyamaza kidogo, akajibu: "Hapana, Shehe. Hata mimi sikumuuliza. Nilimpiga."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Usiku wa ziwani

Siku tatu baadaye, nikirejea kutoka Ukerewe, nilimkuta kijana huyo akitandaza dagaa mchangani. Alinipa shikamoo kwa adabu. Nilikaa naye karibu saa nzima, na kwa sehemu kubwa nilisikiliza tu. Alinieleza kwamba alianza kwenda ziwani mwishoni mwa wiki ili amsaidie mama yake kununua sare na madaftari. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari hadi kidato cha nne haina ada, lakini sare, viatu na madaftari bado ni juu ya mzazi, na baba wa kijana huyu alikwisha fariki. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa siku za mwezi giza. Baridi ilipomzidi na usingizi ukamshika, wakubwa ndani ya mtumbwi wakampa msokoto, wakamwambia kuwa hiyo ndiyo dawa. Hakuanza kwa uhuni. Alianza kwa kutaka kumsaidia mama yake.

Simtetei. Ninaeleza chanzo, kwa sababu asiyejua chanzo cha maradhi hutibu asichokiona. Mkoa wetu wa Mara una mitihani yake. Bangi hulimwa humu humu. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliteketeza mashamba yake katika bonde la Mto Mara, wilayani Tarime. Pombe za viroba zilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haikuhitaji kiwanda wala kifungashio ili iendelee kuuzwa. Na mahali penye kivuko na mialo, wageni ni wengi, fedha hupatikana usiku, na mtoto hujifunza mapema kwamba mwenye fedha haulizwi umri wake.

Madaktari wanatueleza kwamba ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi yapata miaka 25, na sehemu ya kupima mambo na kujizuia ni miongoni mwa zinazokomaa mwisho. Kwa hesabu zinazotumiwa sana na wataalamu, takriban mtu mmoja kati ya 10 wanaojaribu bangi hunaswa nayo. Lakini kwa wale wanaoanza wakiwa vijana wadogo, ni takriban mmoja kati ya sita. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kuchelewa kuanza ni neema, na mwaka mmoja wa kuwahi ni hasara.

Jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui: kwa walionaswa na heroini ipo dawa ya methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye ikafika mikoa mingine, ikiwamo Mwanza. Kwa bangi hakuna dawa ya namna hiyo. Tiba yake kubwa ni mazungumzo: mtu mwenye ujuzi akae na kijana, mara ya kwanza, ya pili na ya kumi, mpaka kijana ajue kinachomvuta na namna ya kukikwepa. Ndiyo kusema, kijana yule alinyimwa dawa pekee iliyokuwapo.

Unasihi unatokana na nasaha

Huduma hiyo katika shule zetu huitwa ushauri na unasihi. Neno unasihi halikutoka mbali. Asili yake ni nasaha, neno ambalo Mtume (S.A.W.) alilifanya kuwa ndiyo dini yenyewe, katika Hadithi ya Tamim ad-Dari iliyopokewa na Imam Muslim. Mwanachuoni al-Khattabi alipolieleza neno hili alirejea matumizi yake kwa Waarabu: kushona nguo iliyochanika, na kuisafisha asali itoke nta. Watu wa Kisorya hawahitaji maelezo marefu hapo. Kila asubuhi wanawaona wavuvi wakishona nyavu zilizochanika usiku. Hakuna mvuvi anayeuchapa wavu kwa kuwa umechanika, wala anayeutupa kwa tundu moja.

Tazama pia namna ulevi ulivyoondolewa katika umma huu. Aya ziliteremka kwa hatua: kwanza ile ya Suratul Baqara (2:219) iliyobainisha kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha ya Suratun Nisaa (4:43) iliyowakataza kuikaribia Sala wakiwa wamelewa, na mwisho za Suratul Maida (5:90-91) zilizokata mzizi wa fitina. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza, katika Sahih al-Bukhari, kwamba lau watu wangeanza kwa kuambiwa waache pombe, wangekataa. Sisemi kwamba leo kijana apewe ruhusa ya kuvuta kidogo. Haramu imekwisha kuwa haramu. Ninasema kwamba Muumba wa nafsi aliijua nafsi, akaiandaa kabla ya kuikata.

Na yupo Sahaba ambaye aliletwa mara kwa mara mbele ya Mtume (S.A.W.) kwa kosa la ulevi. Aliadhibiwa; hilo hatulifichi. Lakini mtu mmoja alipomlaani, Mtume alimkataza, akasema kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Katika mapokezi mengine aliwaonya waliokuwapo wasimsaidie shetani dhidi ya ndugu yao. Hakufukuzwa msikitini, wala hakuondolewa katika kundi la watu wema.

Basi tujiulize. Kijana akitolewa shuleni, yule aliyempa msokoto atamkosa au atampata kwa saa 24?

Kosa langu mwenyewe

Sina haki ya kuwanyooshea vidole walimu wa shule nikajisahau. Nilipokuwa ustadhi kijana, nilimfukuza madrasa mwanafunzi wangu mmoja kwa kosa la kuvuta bangi. Nilimtoa mbele ya wenzake, nikadhani ninawalinda kondoo wengine. Hakurudi tena, si kwangu tu bali hata msikitini. Miaka mingi baadaye nilikutana naye stendi ya mabasi, amechakaa. Alinisalimu kwa heshima, akaniita mwalimu. Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha, na ninaandika haya kama mtu anayedaiwa.

Shule ifanye nini

Kanuni za mwaka 2002 zimeweka mpaka wa adhabu ya viboko: visizidi vinne, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Lakini kiboko hata kikiwa kimoja hakijui kuuliza swali. Shule inahitaji mwalimu mnasihi aliyeandaliwa kwa kazi hiyo, na mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, mnasihi asiwe ndiye mwalimu wa nidhamu. Mtoto hawezi kumfungulia moyo mtu ambaye kesho atamshikia fimbo. Awepo wa kiume na wa kike, ili mabinti nao wapate wa kumwendea.

Pili, siri ilindwe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mtu akikuambia jambo huku akigeuka kutazama nyuma, jambo hilo ni amana. Mama yule wa Kisorya alitazama huku na huku kabla hajasema, ndiyo maana nimelificha jina lake, la mwanawe na la shule. Mnasihi amweleze mwanafunzi tangu mwanzo kwamba siri yake itahifadhiwa, isipokuwa pale ambapo uhai wake au wa mwingine umo hatarini.

Tatu, kinga isiwe vitisho vitupu. Huko Marekani, mwaka 1983, ulianzishwa mjini Los Angeles mpango wa D.A.R.E., ambapo polisi waliingia madarasani kuwafundisha watoto hatari za dawa za kulevya. Ulienea nchi nzima, lakini watafiti walipowalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, waliona tofauti ndogo mno. Iceland ilifuata njia nyingine. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa huko wa miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Kufikia mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Walifanya nini? Wazazi walikubaliana kwa maandishi mambo ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeyaruhusu nyumbani, michezo na sanaa za vijana zikagharimiwa, na sheria ikawataka watoto wa miaka 13 hadi 16 wawe ndani ifikapo saa nne usiku nyakati za baridi. Kwa ufupi, watu wazima walirudi kuwa walezi. Hilo halihitaji utajiri wa Ulaya. Uwanja wa mpira, madrasa ya jioni na wazazi wa mtaa mmoja wenye kauli moja vinapatikana hata Kisorya.

Mzazi afanye nini

Ukiona macho mekundu, usingizi usio wa kawaida, marafiki wapya asiotaka uwajue, fedha inayopotea au masomo yanayoporomoka, usikimbilie hukumu. Huenda ni ugonjwa au huzuni. Subiri hasira yako ipoe. Kaa naye mkiwa wawili, umwambie ulichokiona, kisha uliza na ukae kimya usikie. Ukiitwa shuleni, nenda. Aibu ya mzazi isiwe kifungo cha mtoto. Ikiwa mambo yamekushinda, kipo kituo cha afya, na ipo namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ambayo hupigwa bila malipo.

Usimtume mtoto kununua sigara kisha ukashangaa anajua duka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe na sigara, na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18. Anayemuuzia ni jirani yetu, tunamjua kwa jina, tunasalimiana naye. Kumkataza ni wajibu wetu kabla ya kuwa wa polisi. Na wenye mitumbwi, wakiwamo Waislamu wanaoswali nasi safu moja, wamwogope Mwenyezi Mungu katika kumpandisha mwanafunzi chomboni usiku.

Mlango haujafungwa

Kabla kivuko hakijaondoka siku ile ya kwanza, nilimweleza yule mama kwamba Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango wa kurejea shuleni kwa wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali. Hakuwa akijua. Niliporejea nilimkuta amekwisha zungumza na mwalimu wa madrasa ya hapo, na wiki iliyofuata walikwenda shuleni pamoja, kijana akiwa katikati yao.

Amepokelewa. Amepangiwa mwalimu mmoja wa kuzungumza naye kila wiki, na waumini wachache wamechangishana sare na madaftari, ili asiwe na sababu ya kwenda ziwani usiku. Mama yake alinipigia simu hivi karibuni. Alisema kijana ameteleza mara moja tangu arudi. Nilimuuliza alijuaje. Akajibu: "Aliniambia mwenyewe, Shehe."

Nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa jibu hilo. Mtoto anayeweza kumwambia mama yake kwamba ameanguka hajapotea.

Ewe Mola wetu, wahifadhi vijana wetu na kila kilevi, zilainishe nyoyo za wazazi na walimu wao, na utusamehe wale tuliowafunga milango walipokuwa wakitafuta pa kuingilia. Amin.

Wabillahi Tawfiq.